SOMO: MSAADA WA YATIMA NA HAKI YA YATIMA



Mwezi uliopita mwenzetu mmoja hapa Ruziba aliniuliza: "Kaka, mimi nikifa, si kuna ile mipango ya fedha za maskini? Watoto wangu watapata." Nimeona swali hili tulifanye somo, maana amechanganya mambo mawili.

La kwanza ni msaada. Kenya walianza mwaka 2004 kuzipa fedha taslimu familia zinazolea yatima, kwanza familia 500 tu za Garissa, Kwale na Nairobi, baadaye nchi nzima. Hapa Burundi tulipata Merankabandi, yaani uwe kama wengine. Mwaka 2016 Benki ya Dunia ilikubali kutoa dola milioni 40, na kaya zilizochaguliwa zikawa zinapata faranga 20,000 kwa mwezi, kwa njia ya simu, mkononi mwa mama. Si fedha za kudharau: mama hununua maharagwe, mtoto hupata daftari. Lakini awamu ile ya kwanza ilikuwa ya mikoa minne ya wakati huo: Gitega, Karuzi, Kirundo na Ruyigi. Mjane wa Ruziba, hata akilala njaa, hakuwamo. Msaada huchagua watu, tena una siku ya mwisho.

La pili ni haki. Mfanyakazi aliyeandikishwa INSS hukatwa sehemu ya mshahara, na tajiri huongeza ya kwake. Akifa, masharti ya sheria yakiwa yametimia, mjane na yatima hudai malipo yao. Hapo hakuna anayekuja kupima umaskini wao. Baba alikwisha kulipa.

Nilimzika mwenzetu mmoja, mpakiaji wa magunia. Miaka tisa alikatwa mshahara. Nilipokwenda na mjane kuuliza, jina halikuwamo katika daftari: tajiri alikata, hakupeleka. Leo mama yule anauza ndagala kando ya barabara ya Rumonge, na mtoto wake mkubwa ameacha shule. Mimi ndiye nilikuwa mjumbe wao kazini, na hata siku moja sikumwomba marehemu anionyeshe karatasi yake ya mshahara.

Kosa jingine ni la kwetu nyumbani. Mwaka 2017 serikali ilipoamuru watu wanaoishi pamoja waandikishe ndoa, wengi tulinung'unika. Lakini mjane asiye na cheti cha ndoa, na mtoto asiyeandikishwa kwa jina la baba, watajieleza kwa karatasi gani? Mashahidi wa mtaani hawatoshi.

Basi yule ndugu nilimjibu: lete karatasi yako ya mshahara. Akaileta. Makato yamo, nambari ya INSS haimo. Jumatatu tunakwenda kuuliza, mimi na yeye. Mwenye karatasi kama hiyo aje tufuatane.