Madhabahu Palipokuwa Soko la Watu

Soma: Mwanzo 28:10–22



Tulipokuwa tukifundisha tuliwauliza wanafunzi, "Kanisa Kuu ni nini?" Nao walijibu, "Ni kanisa kubwa." Sivyo. Kanisa Kuu ni lile lenye kiti cha Askofu, hata likiwa dogo. Huko Uingereza mji wa Canterbury wasifika kwa Kanisa Kuu lake, ambalo mwanzo wake ni kufika kwa Augustino mwaka 597. Lakini leo tutazame Kanisa Kuu la Kristo lililoko Mkunazini, mjini Unguja, kwa maana habari zake zatugusa sisi wa ziwani.

Kwanza: Njia ya watumwa

Watu waliotekwa Manyema, ng'ambo ya ziwa letu, walivushwa kwa mitumbwi hadi Ujiji. Toka hapo waliendeshwa kwa miguu kupitia Tabora mpaka pwani, zaidi ya kilometa 1,000, na wengi walikufa njiani. Waliosalia waliuzwa, na soko kubwa lilikuwa Mkunazini. Dk. Livingstone, aliyekutana na Stanley pale Ujiji mwaka 1871, aliyaona mateso ya Manyema kwa macho yake, akayaandika. Alifariki Chitambo mwezi Mei 1873. Mwezi uliofuata Sultani Barghash, kwa kushurutishwa na Uingereza, alikubali kulifunga soko.

Pili: Kanisa juu ya soko

Siku ya Krismasi 1873 jiwe la msingi liliwekwa palepale sokoni. Askofu Edward Steere alisimamia kazi mwenyewe. Paa alilijenga kwa matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji, bila boriti. Watu walisema litaanguka. Hata leo liko juu. Ibada ilifanyika humo Krismasi ya 1879. Steere alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu.

Yasemekana madhabahu yamesimama mahali ulipokuwa mti wa kuwachapia watumwa. Karibu yake upo msalaba uliotengenezwa kwa mti wa Chitambo, ambao moyo wa Livingstone ulizikwa chini yake. Husimuliwa pia kwamba mafundi waliziweka nguzo kadhaa juu chini Askofu alipokuwa safarini. Hazikung'olewa.

Tatu: Mawe yaliyo hai

Urithi si jengo tu. John Swedi alikuwa mmoja wa wavulana watano waliookolewa utumwani na kupokelewa na misheni mwaka 1864. Mwaka 1879 akawa shemasi. Cecil Majaliwa, naye mtumwa aliyekombolewa, alipewa ukasisi mwaka 1890. Aliyeweza kuuzwa sokoni sasa alisimama madhabahuni akiwabariki watu.

Nne: Tusijisifu

Kufungwa kwa soko hakukuwa mwisho wa utumwa. Sheria ya Unguja iliendelea kuukubali mpaka mwaka 1897. Wala Kanisa letu halikuwa na mikono safi. Shirika lake moja la misheni lilimiliki shamba la Codrington, kisiwani Barbados, lililolimwa na watumwa. Mwaka 2006 Sinodi Kuu ya Kanisa la Uingereza iliomba radhi. Urithi wa kweli ni pamoja na toba.

Tano: Nasi wa Kagunga

Mwezi Mei 2015 ndugu zetu wa Burundi walifika hapa Kagunga kwa makumi ya maelfu, wakalala wazi kati ya mlima na ziwa. Maji safi yalikosekana, kipindupindu kikaua watu. Mitumbwi ikawapeleka kwenye meli ya Liemba, nayo ikawafikisha Kigoma. Zamani mitumbwi ya ziwa hili ilichukua watu kwenda kuuzwa. Safari hii ilichukua watu kwenda kupona.

Yakobo aliamka akaona kwamba Mungu alikuwa pale, naye hakujua. Basi ufuko wetu nao si mahali pa kupita tu. Mgeni akija tena, tusimkadirie faida yake kama wafanyavyo sokoni. Tumpe maji kwanza, kisha tumwulize jina lake.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini kanisa lilijengwa sokoni, wala si mahali pengine?
2. Ni mahali gani kijijini petu penye kumbukumbu ya uchungu? Tufanye nini hapo?
3. Mwaka 2015 tulifanya nini vema, na nini tulikosa?