Damu ya Pua Isiyotaka Kukoma
Kijitabu cha elimu kwa wakazi wa Rusinga na visiwa jirani

Mara nyingi huanza wakati usiofaa. Mtoto yumo darasani. Mama ameinama akigeuza omena juani. Mvuvi yuko katikati ya ziwa saa nane za usiku, taa zimewashwa na wavu uko majini. Linaanguka tone moja mkononi, la pili kwenye shati, kisha damu inafuatana. Hapo kila aliye karibu ana dawa yake. Huyu anasema lala chali, yule anamwaga maji baridi utosini, wa tatu anaamuru mkono wa upande wa pili uinuliwe juu. Mgonjwa anageuzwageuzwa kama chapati na damu inaendelea kutoka.

Kamusi zina neno moja la hali hii, muhina, ingawa wengi wetu tunasema tu kwamba fulani anatoka damu puani. Kwa jina lolote, tiba yake ya kwanza ni vidole viwili na saa. Mengine katika kijitabu hiki yanahusu zile nyakati ambazo vidole havitoshi, na jinsi ya kuzitambua kabla giza au upepo haujafunga njia.

Damu inatoka wapi

Ndani ya pua, mbele kabisa, kuna ukuta unaotenganisha matundu mawili. Kwenye sehemu ya chini ya ukuta huo mishipa midogo ya damu kutoka pande kadhaa imekutana na kusukana kama wavu, na utando unaoifunika ni mwembamba mno. Takriban mara 9 kati ya 10 damu ya pua hutoka hapo. Hiyo ni bahati, kwa sababu ndipo mahali ambapo kidole kinaweza kufika kwa kubana kutoka nje.

Utando huo hukauka na kupasuka kwa sababu ambazo Rusinga inazo zote: vumbi la miezi ya jua kali, moshi wa kuni jikoni na kwenye majiko ya kubanika samaki, mafua yasiyoisha, na kucha za watoto. Wazee wanaonusa ugoro watusamehe, lakini ugoro nao umo kwenye orodha. Unawasha utando, mtu anapiga chafya kwa nguvu, na kidonda kilichokuwa kinapona kinafunguka tena.

Dakika 15 bila kuchungulia

Mketishe mgonjwa wima, kichwa kimeinama mbele kidogo, mdomo wazi ili apumulie hapo. Abane pua yake mwenyewe kwa kidole gumba na cha shahada, kwenye sehemu laini iliyo chini ya mfupa, matundu yote mawili yazibe. Wengi hubana juu, penye mfupa, kwa kuwa ndipo pagumu panaposhikika vizuri. Wanabana bure. Mfupa haubonyei, na mshipa unaovuja uko chini ya hapo.

Sasa tazama saa ya simu. Dakika 15 mfululizo. Kosa linaloharibu kazi hii ni kuachia kila baada ya dakika moja au mbili ili kuona kama damu imekoma. Damu inahitaji muda kuganda, na donge linapokuwa changa huwa laini kama uji. Ukiachia linang'oka na hesabu inaanza upya. Tumewasikia watu wakisema walibana saa nzima bila mafanikio. Ukiwauliza vizuri, walibana mara thelathini, kila mara dakika mbili.

Damu inayofika mdomoni itemwe kwenye karai au beseni. Isimezwe. Hii ndiyo sababu ya kukataza kulala chali na kuinua uso juu. Aliyelala chali haonekani akitoka damu, na walio karibu hufurahi kwamba imekoma, kumbe inateremka kooni kwenda tumboni. Damu tumboni huchefua. Baada ya muda mgonjwa anatapika madonge meusi, na sasa nyumba nzima inapiga kelele kwa ugonjwa ambao hana. Aliyezimia au aliyelewa yuko hatarini zaidi, kwa kuwa damu inaweza kuingia kwenye njia ya hewa. Huyo alazwe kwa ubavu.

Barafu inasaidia kidogo, na kwenye fuo zinazopokea mbuta kwa kawaida haikosi. Ifungwe kwenye kitambaa safi na kuwekwa juu ya pua au shavuni wakati vidole vinaendelea kubana. Sarafu kwenye paji la uso haidhuru mtu, ila inashughulisha mkono ambao ungekuwa unafanya kazi ya maana. Pamba, karatasi ya chooni na majani yaliyofikichwa yasiingizwe puani. Vinanatia kwenye kidonda, na siku ya kuvitoa vinaondoka na gamba lake.

Anayemsaidia mgonjwa avae glavu au afunge mkono kwa mfuko wa plastiki, kisha anawe kwa sabuni. Ni desturi njema kwa damu ya mtu yeyote, bila kuulizana maswali.

Dakika 15 zikiisha na damu bado inatoka, bana tena dakika nyingine 15. Ikiwa nusu saa imepita kwa kubana sawasawa na bado inatiririka, safari ya kituo cha afya ianze, na vidole vibaki puani njiani.

Ukiwa ziwani

Mvuvi ana hesabu tofauti, na hapa tunasema waziwazi hata kama haitawapendeza wenye mitumbwi. Nchi kavu unaweza kubana mara ya pili ukiwa umeketi nyumbani. Ziwani, mara ya pili hubanwa chombo kikiwa kimeelekea pwani. Kutoka kwenye maji ya omena hadi ufuo wa Litare au Kolunga kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko mgonjwa anavyoweza kungoja, na upepo haumwulizi mtu ana haraka gani. Aketi sakafuni mwa mtumbwi, si ukingoni, akiwa na jaketi la kuokolea, na mwenzake amshikilie. Aliyepoteza damu husikia kizunguzungu, na anayeanguka majini usiku ana shida kubwa kuliko pua.

Wasiopaswa kungoja nusu saa

Wako watu ambao kwao saa haina kazi. Aliyeanza kutoka damu baada ya kuanguka au kugongwa kichwani aondoke mara moja, hasa ikiwa kinachotoka kimechanganyika na maji maji meupe. Vivyo hivyo anayepauka, anayetokwa jasho la baridi, anayepumua kwa shida, au ambaye damu inajaa kooni hata pua ikiwa imebanwa barabara. Dalili hiyo ya mwisho huonyesha kwamba mshipa unaovuja uko nyuma ya pua, vidole visikofika. Huwapata zaidi watu wazima wenye umri mkubwa, wengi wao wakiwa na presha.

Kuhusu presha, neno moja la tahadhari. Hofu peke yake hupandisha presha, kwa hiyo kipimo kikubwa wakati damu inatoka hakimaanishi kwamba presha ndiyo iliyopasua mshipa. Usimeze vidonge vya ziada. Meza dozi yako ya kawaida kwa saa yake, na umwachie daktari mengine.

Mtu anayetumia warfarin au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda aende mapema, na asiache dawa hiyo kwa uamuzi wake. Aspirini nayo hupunguza uwezo wa damu kuganda, na ibuprofen na diclofenac za dukani zina tabia hiyohiyo. Kichwa kikiuma siku hizo, paracetamol inafaa zaidi. Mtoto wa chini ya miaka 2 apelekwe hata kama damu imekoma, kwa kuwa si kawaida ya umri huo. Mjamzito hutoka damu puani kwa urahisi na mara nyingi si jambo kubwa, lakini ikifuatana na kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au uso kuvimba, hiyo ni dharura ya ujauzito.

Malaria, kichocho na pua

Hapa ndipo Rusinga inapotofautiana na vitabu vilivyoandikwa kwingine. Kati ya 2012 na 2015 kisiwa hiki kilifanyiwa utafiti wa SolarMal, uliohusisha icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilicho hapo Mbita. Nyumba ziliwekewa mitego ya mbu yenye harufu inayofanana na ya binadamu na kuendeshwa kwa umeme wa jua, na maambukizi ya malaria kwenye nyumba zenye mitego yalikuwa chini kwa takriban asilimia 30. Ni mafanikio ya kujivunia. Hata hivyo malaria haijahama kisiwani, na watu wachache wanajua kwamba damu ya pua inayojirudia au isiyokoma, kwa mgonjwa aliyethibitishwa kuwa na malaria, ni mojawapo ya dalili ambazo Shirika la Afya Duniani linazihesabu kuwa za malaria kali.

Kwa hiyo mtoto mwenye homa anayetoka damu puani au kwenye fizi hatibiwi kwa vidonge vya dukani na maji baridi kichwani. Apelekwe leo, apimwe malaria na wingi wa damu. Malaria hupunguza chembe sahani, zile chembe ndogo zinazoanza kazi ya kuziba mshipa uliopasuka. Virusi vya Ukimwi vinaweza kufanya hivyo pia, na mtu akikosa chembe hizo vidole vyake vinabana kitu kisicho na gundi. Madoa madogo mekundu kwenye ngozi, alama za kuvilia damu pasipo kugongwa, au hedhi nzito isiyo ya kawaida vinaelekeza upande huohuo.

Kichocho cha tumbo, ambacho wanaoogelea na kuvua ziwani wanakifahamu, kina hadithi yake. Kikikaa mwilini miaka mingi huharibu ini na kuvimbisha bandama, na bandama iliyovimba hunasa chembe sahani. Pia husababisha mishipa ya koo la chakula kupasuka, na mtu akatapika damu nyingi. Ndiyo maana ni muhimu kumweleza muuguzi damu ilianzia wapi. "Ilianza puani, kisha akatapika" na "alitapika kwanza, ikatokea hadi puani" ni magonjwa mawili tofauti. Pombe kali ya miaka mingi huharibu ini vilevile. Chang'aa haina huruma na mishipa.

Kuna pia damu ndogo isiyo na haraka lakini isiyofaa kupuuzwa. Mtoto anayetoka usaha wenye harufu na damu kidogo upande mmoja tu huenda ameingiza punje ya mahindi au shanga puani. Kama ni betri ndogo ya mviringo, ya saa au ya mwanasesere, kimbia, kwa sababu inaweza kuunguza ukuta wa pua kwa saa chache. Mvulana wa umri wa kubalehe anayetoka damu nyingi mara kwa mara tundu lilelile, au mtu mzima ambaye pamoja na damu ameziba sikio na kuota uvimbe shingoni, aonwe na daktari wa masikio, pua na koo. Uvimbe wa nyuma ya pua hautibiwi kwa mafuta ya mgando.

Safari na hospitali

Tangu tuta la mawe la miaka ya 1980 lilipounganisha kisiwa na Mbita, na baadaye daraja kujengwa, mtu wa Kaswanga hahitaji mtumbwi kufika hospitali ya Mbita. Wa Mfangano na Takawiri bado anauhitaji, na kwake uamuzi wa saa kumi jioni ni rahisi kuliko wa saa tatu usiku. Asiye na kizunguzungu anaweza kupanda bodaboda. Anayeyumba atafutiwe gari. Msalaba Mwekundu wa Kenya hupatikana kwa nambari 1199 bila malipo. Beba dawa zote anazotumia, na uandike saa damu ilipoanza. Kadi ya bima ya afya ya SHA ichukuliwe kama ipo, lakini kukosa kadi kusimcheleweshe mgonjwa: Ibara ya 43(2) ya Katiba inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura.

Hospitalini watapima presha na damu, watamulika pua, na pengine watanyunyiza dawa ya kubana mishipa. Mshipa ukionekana unaweza kuchomwa kwa kijiti chenye dawa ya fedha. Inawasha kwa muda mfupi. Usipoonekana, pua itajazwa gozi maalumu. Kama damu inatoka nyuma kabisa, daktari anaweza kupitisha puani mpira wa mkojo na kuujaza maji ili kiputo chake kizibe njia. Ndugu wa mgonjwa huona ajabu, lakini ni njia ya kweli iliyookoa wengi.

Gozi hiyo huleta adha. Usingizi unakuwa mgumu, chakula hakina ladha. Mgonjwa asiivute nyumbani, hata kidogo. Itatolewa na aliyeiweka, kwa kawaida baada ya siku moja hadi mbili. Ikitolewa, apake mafuta ya mgando kidogo ndani ya tundu asubuhi na jioni, kwa ncha ya kidole safi yenye kucha fupi. Asipenge kamasi kwa nguvu, apige chafya mdomo wazi, chai aiache ipoe kwanza. Na wavu mzito wa mbuta uvutwe na wenzake kwa wiki moja, yeye ashike usukani.