SOMO KWA WAZAZI: MTOTO NA KUZIDISHA KWA TARAKIMU MBILI

Fungu la kusoma: Hesabu 3:46-50, 7:84-85



Watoto wetu wengi wanaimba "mara sita" na "mara saba" bila kosa, lakini wakipewa 47 × 36 wanapotea. Wanapotea wapi? Karibu kila mara ni kwenye mstari wa pili.

Tazameni. 47 mara 6 ni 282. Hapo mtoto yuko sawa. Kisha anachukua ile 3 ya 36, anazidisha, anapata 141, anaiandika chini ya 282 na kujumlisha: 423. Lakini ile 3 si tatu, ni thelathini. Mstari wa pili ni 1,410, na jibu ni 1,692. Mama akiuza kilo 36 za mahindi kwa shilingi 470 kila kilo, anadai shilingi 16,920. Kwa kosa lile la mtoto angepokea 4,230, na mnunuzi asiyemcha Mungu angeondoka kimya.

Dawa ni mazoezi, lakini si ya kurundika. Hesabu tano kila jioni kabla ya giza zinatosha. Hamsini za Jumamosi zinamchosha tu. Daftari likikosekana, kijiti na vumbi vinafaa (vumbi hatujakosa). Wiki ya kwanza azidishe kwa 10, 20 na 30 peke yake, mpaka ile sifuri aizoee. Ndipo aingie 12, 14, 36. Kabla ya kuandika, akisie kwanza: 40 mara 30 ni 1,200, basi 423 haiwezekani. Akikosea asipigwe. Mwambie asome kwa sauti alichofanya, mstari kwa mstari. Mara nyingi atajisahihisha mwenyewe. Hata mzazi ambaye hakusoma anaweza kusikiliza hivyo.

Biblia nayo ina mazoezi. Katika Hesabu 3, wazaliwa wa kwanza 273 waliozidi hesabu ya Walawi walikombolewa kwa shekeli 5 kila mmoja: 1,365. Sura ya 7 ni ngumu zaidi. Sahani 12 za fedha, kila moja shekeli 130. Bakuli 12, kila moja shekeli 70. Mtoto azidishe apate 1,560 na 840, ajumlishe, ndipo afungue mstari wa 85 aone kama wamepatana.

Za wiki hii: 24 × 13, 58 × 27, 305 × 42. Majibu, kwa wazazi tu: 312; 1,566; 12,810. Ile ya mwisho ina sifuri katikati, msimwachie peke yake.