Shangazi, mteja amedhani namkejeli

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa Tanga, nina miaka 29, nauza vitenge kwenye duka la jumla hapa Kikuubo. Nilimfuata kaka yangu Kampala na huu ni mwaka wa 4. Shida yangu ni ulimi. Nikikaa na mtu kidogo tu, sauti yangu inaanza kufuata yake. Kwa Waganda "karibu" yangu inageuka "kalibu", "habari" inakuwa "abali", ila cha ajabu r ya "heri" inabaki vilevile. Wakija kina mama wa Kikongomani wanaochukua vitenge kwetu kwenda kuvitembeza mitaani, "batu" na "batoto" zinanitoka kabla sijajijua. Wallahi sifanyi makusudi.

Mwezi uliopita mama mmoja wa Goma, mteja wangu wa siku zote, alikuwa anachagua pisi. Nikamuuliza, "Batoto bako balirudi ku masomo?" Akaiweka pisi chini, akanitazama. "Unanicheka?" Nikakosa la kusema. Wenzangu dukani wakaangua kicheko. Yule mama akatoka, na sasa ananunua duka la jirani.

Nyumbani nako si salama. Mama yuko Ngamiani, kwetu Tanga, na kila nikimpigia anasema nimeshakuwa Mganda. Juzi kaniita jina, nikaitika "wangi" badala ya "abee". Akanyamaza kitambo, kisha akasema mwacha asili ni mtumwa.

Je, mimi ni mnafiki? Nifanyeje niwe na sauti moja?

Binti wa Tanga, Kikuubo

Marahaba, mwanangu.

Neno unafiki tuliondoe kwanza. Mnafiki anajua anachokifanya. Wewe unashtuka neno likiwa limeshatoka. Mwaka 1999 watafiti wawili wa Marekani, Tanya Chartrand na John Bargh, walichapisha majaribio ambamo watu walikalishwa pamoja na mgeni aliyekuwa akitikisa mguu au kujipapasa uso. Waliokaa naye nao wakaanza kutikisa mguu na kujipapasa, na walipoulizwa baadaye hawakuwa na habari. Waliozoea kujiweka katika nafasi ya mwenzao ndio walioiga zaidi. Sauti nayo ina tabia hiyo hiyo. Hata Malkia Elizabeth wa Uingereza hakusalimika: mwaka 2000 wataalamu wa matamshi walilinganisha hotuba zake za Krismasi za miaka ya 1950 na za miaka ya 1980, wakakuta irabu zake zimesogea kuelekea usemi wa raia wake wa kawaida.

Na barua yako yenyewe inakutetea. Katika Kiganda, r hutokea baada ya e na i, na kwingineko husikika l. Ndiyo maana "karibu" yako imegeuka na r ya "heri" haikuguswa. Mtu anayewakejeli Waganda hubandika l kila mahali ili watu wacheke. Wewe umeishika kanuni yao bila kufundishwa, kwa sababu unawasikiliza kweli.

Isitoshe, kwa Waganda sioni ulilowakosea. Wazee wengi wa mji huu walikisikia Kiswahili midomoni mwa askari, kwenye vizuizi vya barabarani enzi za Idi Amin, aliyekitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Baraza la mawaziri lilikipitisha kuwa lugha rasmi Julai 2022, lakini masikio ya mzee hayabadilishwi na kikao. Mzee kama huyo akikaribishwa dukani kwa Kiswahili chenye mapigo ya Kiganda, naamini moyo wake unatulia. Endelea hivyo.

Anayeniuma mimi ni mama wa Goma. Kosa si lako peke yako, lakini yeye hakukosea hata kidogo kuuliza alivyouliza.

Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, na Wakongomani ni sehemu kubwa yao. Hapa Kampala wengi wako Katwe, Nsambya na mitaa ya jirani. Mwanamke anayetembeza vitenge nyumba hadi nyumba hufungua kinywa mara nyingi sana kwa siku mbele ya watu asiowajua, na kila anapofungua, hujulikana atokako. Wapo wanaomrudishia maneno yake wakiyabana puani ili wenzao wacheke. Nimeyasikia mwenyewe barazani, na hayachekeshi. Yeye huyameza, kwa sababu anataka kuuza. Sasa aje dukani kwa mtu anayemwamini, asikie kinywa kile kile kinamrudishia "batoto". Ulitaka adhani nini?

Tena wewe ni wa Tanga, mwanangu. Katika Afrika Mashariki nzima watu wa pwani tumepewa cheo cha wenye Kiswahili. Mtu wa Goma akijaribu kusema kama wa Tanga, watu humsifu kwamba anajifunza. Wa Tanga akisema kama wa Goma, husikika kama anacheza. Haki haipo hapo, maana Kiswahili cha Goma ni lugha kamili, ina kanuni zake, na mamilioni wanalea watoto kwayo. Lakini wewe ndiwe uliyeshika upande wa juu, kwa hiyo mzigo wa kueleza ni wako. Usingoje yeye aje aulize mara ya pili.

Kisha kuna kicheko. Wewe hukumcheka, ila wenzako walimcheka, nawe ulisimama kimya. Kwa mtu anayejiuliza kama anadhihakiwa, jibu lilikuwa limepatikana.

Kwa hiyo mwendee. Usimtume mtu, wala usimpigie simu. Duka la jirani unalijua. Mngoje atoke, msogee pembeni, wenzako wasiwepo. Mwambie, "Mama, siku ile sikukucheka. Ulimi wangu unafuata wa mtu ninayezungumza naye, hata mama yangu mzazi analalamika. Lakini wenzangu walicheka nami nikanyamaza. Hilo ni kosa langu, nisamehe." Bei usiitaje. Ukianza na punguzo, atajua umefuata biashara. Sauti yako ikimfuata tena katikati ya maneno hayo, iache. Safari hii atakuwa anajua sababu. Asipokubali, mshukuru kwa kukusikiliza, uondoke. Ukirudi dukani, waambie wenzako waziwazi kwamba mteja hachekwi kwa anavyosema.

Kuhusu siku zijazo, nitakuwa mkweli kwako: lafudhi huwezi kuifunga kamba. Ukijaribu kuikaza, utasema kwa kigugumizi na wateja watakuona una maringo. Ila maneno unayaweza. "Batoto" ni neno, na kwa mtu ambaye hamjazoeana unaweza kubaki na "watoto" wako wa Tanga hata mapigo ya sauti yakisogea. Mazoea yakija, mtu mwenyewe atakuonyesha kama anafurahia kuyasikia maneno ya kwao kinywani mwako.

Mama wa Ngamiani nimemwachia nafasi yake. Nadhani unampigia ukiwa dukani, ulimi ungali kwa mteja aliyetoka sasa hivi. Mpigie usiku, umekaa chini, na umwache azungumze yeye. Muulize habari za majirani, nani kaoa, nani kajifungua. Ulimi unaofuata watu utamfuata hata yeye, na Tanga yako itarudi yenyewe kabla hamjaagana. Akikuita, itika "abee". Hilo si jambo la lafudhi, ni adabu ya nyumbani kwenu, na halikushindi. Mweleze pia kwamba "wangi" ndiyo adabu ya huku. Mtoto wa Kiganda akiitwa na mkubwa ndivyo anavyoitika. Atajua kwamba hata ulipoteleza uliteleza kwenye heshima.

Lakini methali yake hiyo sikubaliani nayo hapa. Tanga anayoijua yeye ilijaa manamba wa mashamba ya mkonge kutoka kila upande, na Kiswahili cha mitaani kikawapokea wote. Sidhani kama anachokulilia ni lafudhi. Binti yake yuko mbali mwaka wa nne, na sauti ndiyo kitu pekee cha kwako kinachomfikia. Akiisikia imebadilika, anaogopa. Barua yako haikutaja kama umewahi kurudi tangu uje. Kama bado, anza kuweka nauli.

Nanyi mnaouza Kikuubo na soko la Owino, nawaomba kwa heshima zote: mama wa Kikongomani akiuliza bei, mjibuni bei, na kicheko chenu kiacheni mpaka atoke salama akiwa amenunua alichokuja kununua. Afadhali zaidi, kiacheni kabisa.