Fuata Maji, Utaiona Tsavo: Somo kwa Familia, Shule na Vikundi

Takribani asilimia 62 ya ardhi ya Kaunti ya Taita Taveta imo ndani ya Mbuga za Kitaifa za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Hata hivyo, wako wakazi wengi wa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta ambao hawajawahi kupita lango la mbuga hizo. Kwao, tembo ni mnyama wa kuvunja matangi na kumaliza mahindi usiku. Watalii husafiri kutoka Ulaya, Asia na Marekani kuja kuona kile ambacho mkazi amepakana nacho tangu kuzaliwa.

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya familia, walimu na vikundi vinavyopanga ziara ya siku moja au mbili. Lina wazo moja kuu: Tsavo ni nchi kavu, na kila kiumbe kilichomo hufuata maji. Mgeni anayejua maji yanakotoka na yanakokwenda atawaona wanyama wengi zaidi. Pia atarudi nyumbani akielewa kwa nini tembo hufika shambani.

Tsavo kwa ufupi

Mbuga ya Tsavo ilianzishwa mwaka 1948, kisha ikagawanywa katika sehemu mbili ili iwe rahisi kuisimamia. Barabara kuu na reli kati ya Nairobi na Mombasa hupita katikati: Tsavo Mashariki upande mmoja, Tsavo Magharibi upande wa pili. Zote mbili kwa pamoja zina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Kwa kuwa ni mbuga za kitaifa, husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), wala si serikali ya kaunti.

Eneo zima la Tsavo, pamoja na ranchi zinazolizunguka, ndilo lenye tembo wengi zaidi nchini. Sensa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu karibu tembo 15,000 hapa. Wageni huwaita tembo wekundu, lakini ngozi yao ni ya kijivu kama ya tembo wengine. Wekundu ni udongo wanaojirushia mwilini ili kujikinga na jua na wadudu.

Idadi hiyo haikuja bure. Ukame wa mwaka 1970 na 1971 uliua maelfu ya tembo wa Tsavo, kisha ujangili wa miaka ya 1970 na 1980 ukamaliza wengine wengi. Mwaka 1989 Rais Daniel arap Moi aliteketeza tani 12 za pembe za ndovu katika Mbuga ya Nairobi, na mwaka huohuo mataifa yakakubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe hizo. Tembo wanaoonekana leo ni uzao wa walionusurika.

Kituo cha kwanza: mawe meusi na chemchemi ya Mzima

Anayeingia Tsavo Magharibi kupitia upande wa Chyulu hukutana na uwanda wa mawe meusi, makali na makavu, wenye urefu wa takribani kilomita nane. Hayo ni mawe ya volkano yaliyotoka ardhini yakiwa moto miaka mia chache tu iliyopita. Wenyeji walioshuhudia ardhi ikiwaka waliona ni kazi ya shetani, na jina hilo la Shetani limebaki hadi leo.

Mawe hayo ndiyo chanzo cha somo la maji. Vilima vya Chyulu vimeumbwa kwa volkano na vina matundu mengi kama sifongo. Mvua na ukungu vikishuka kule juu, maji hayatiririki juu ya ardhi bali huzama. Husafiri chini kwa chini kwa makumi ya kilomita, yakichujwa na mawe, kisha hutokeza Mzima yakiwa safi kiasi cha kuona samaki hadi chini. Chemchemi hiyo hutoa zaidi ya lita milioni 200 kwa siku.

Sehemu ya maji hayo huingia katika bomba lililojengwa miaka ya 1950, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 200, linaloelekea Mombasa na kuhudumia pia miji iliyo njiani, Voi ikiwa mojawapo. Kwa hivyo mtu anayefungua mfereji Mombasa anatumia mvua iliyonyesha Chyulu. Msitu wa Chyulu ukikatwa au kuchomwa, hasara haiishii kwa wanyama.

Mzima ni miongoni mwa sehemu chache za mbuga ambako mgeni huruhusiwa kushuka garini na kutembea, kwa kufuata njia iliyowekwa na maelekezo ya askari wa wanyamapori. Kuna chumba kilichozama majini chenye madirisha ya kutazamia samaki. Walimu wawaonyeshe wanafunzi jambo hili: kiboko hula nyasi usiku nchi kavu, na mchana huacha kinyesi majini. Kinyesi hicho hulisha wadudu na samaki, na samaki huliwa na mamba na ndege. Nyasi za nje zikikauka, kiboko hukosa chakula, na uhai wote wa ndani ya maji huguswa.

Kituo cha pili: mto Galana

Upande wa Tsavo Mashariki, maji makubwa ni mto Galana. Mto huu huzaliwa pale mito ya Athi na Tsavo inapokutana, kisha huelekea baharini ukiitwa Sabaki na kuingia Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi. Kwenye maporomoko ya Lugard, mto umechonga mwamba kwa karne nyingi hadi ukawa na mifereji myembamba na mashimo ya kila umbo. Mwamba huo huteleza, na mamba wako karibu. Watoto wasiachwe kukaribia ukingo.

Kaskazini ya mto huonekana ukuta mrefu ulio sawa juu kama meza. Hilo ni tambarare la Yatta, mojawapo ya mitiririko mirefu zaidi ya mawe ya volkano duniani, lenye urefu wa karibu kilomita 300. Mgeni apige hesabu ya rangi anazoziona hapo: udongo mwekundu, ukanda wa kijani kando ya mto, na ukuta wa Yatta nyuma yake. Ukanda huo wa kijani ni mwembamba, nao ndio unaolisha wanyama wakati wa kiangazi.

Kituo cha tatu: Aruba na Mudanda

Mto Voi si wa kudumu. Mwaka 1952 bwawa la Aruba lilijengwa juu yake ili kuwapa wanyama maji, ingawa ukame mkali unaweza kulikausha. Kati ya Voi na Manyani kuna mwamba wa Mudanda, wenye urefu wa zaidi ya kilomita moja na nusu. Mvua inayonyesha juu ya mwamba huteremka na kujaza kidimbwi kilicho chini yake. Mgeni anayetulia pale juu wakati wa kiangazi anaweza kuona makundi ya tembo yakifika kwa zamu kunywa.

Tembo mkubwa anaweza kunywa hadi lita 200 kwa siku. Mto ukikauka, huchimba mchanga kwa miguu na mkonga hadi maji yatokeze. Akishiba na kuondoka, nyati, pundamilia na ndege hunywa katika kisima kilekile.

Wanyama wasiosubiri mto

Si kila mnyama hutegemea bwawa. Swala twiga husimama kwa miguu ya nyuma na kula majani ya juu, na hupata humo maji mengi anayohitaji. Choroa huweza kukaa muda mrefu bila kunywa. Tandala mdogo hujificha vichakani mchana. Hawa hawatafutwi bwawani. Hutafutwa polepole kando ya barabara ndogo, kwa darubini na kwa kunyamaza. Simba dume wa Tsavo nao wasidhaniwe kuwa majike kwa haraka, kwani wengi wana manyoya machache shingoni.

Katika Tsavo Mashariki yuko pia hirola, swala aliye hatarini mno kutoweka, ambaye asili yake ni maeneo ya Garissa na mpaka wa Somalia. Baadhi yao waliletwa Tsavo mwaka 1963 na wengine mwaka 1996.

Ubora wa maji nao ni jambo la uhai. Mwaka 2018 vifaru weusi 11 walihamishiwa Tsavo Mashariki kutoka mbuga nyingine na wote wakafa. Uchunguzi ulihusisha vifo vya karibu wote na maji yenye chumvi nyingi waliyoyakuta huko. Mnyama aliyezoea maji matamu hawezi kubadilishiwa makao kwa siku moja.

Wakati wa kuzuru

Kiangazi cha Juni hadi Oktoba, na kile kifupi cha Januari na Februari, ndiyo misimu rahisi ya kuona wanyama, kwa kuwa nyasi ni fupi na wanyama hukusanyika kwenye maji. Baada ya mvua, mbuga hupendeza kwa kijani na ndege huwa wengi, lakini wanyama hutawanyika kwa kuwa kila shimo lina maji, na baadhi ya barabara huwa tope. Saa nzuri za kutazama ni alfajiri na jioni. Mchana wanyama hupumzika kivulini.

Maandalizi na kanuni

1. Ada hutofautiana kwa raia, wakazi, wageni wa nje na watoto, na hubadilika. Zihakikishwe kabla ya safari. Malipo hufanywa kwa njia ya kidijitali, si kwa pesa taslimu langoni. Raia abebe kitambulisho.
2. Shule ziandike barua mapema na kuuliza masharti ya ziara za masomo.
3. Maji ya kunywa yabebwe kwa chupa za kutumika tena. Tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga.
4. Gari liende polepole, lisizidi kilomita 40 kwa saa, wala lisitoke nje ya barabara. Magurudumu huua nyasi, na udongo wa Tsavo huchukua muda mrefu kupona.
5. Hakuna kushuka garini isipokuwa pale palipoandikwa kuwa panaruhusiwa.
6. Tembo anayetanua masikio na kutikisa kichwa anaonya. Dereva asipige honi. Asimame au arudi nyuma taratibu, na asiingie kamwe kati ya mama na ndama.
7. Wanyama wasilishwe. Nyani aliyezoea chakula cha watu huwa mwizi hatari.
8. Kila gari litoke mbugani kabla ya giza, isipokuwa kwa wanaolala ndani.

Maji yanapokosekana: tembo kijijini

Somo hili lingekuwa pungufu kama lingeishia langoni. Mwaka 2022, ukame ulipokuwa mkali, serikali ya kitaifa iliripoti tembo 205 waliokufa nchini kati ya Februari na Oktoba, na Tsavo ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika zaidi. Tembo ambaye hakufa alitafuta maji na chakula kokote, na mara nyingi alivipata kwa mkulima. Pande zote mbili zilikuwa na kiu.

Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inatoa nafasi ya fidia: Sh5 milioni kwa kifo cha mtu, Sh3 milioni kwa jeraha linaloleta ulemavu wa kudumu, na hadi Sh2 milioni kwa majeraha mengine. Hasara ya mazao na mifugo pia huweza kuombewa fidia. Mwathiriwa aripoti mapema kwa ofisi ya KWS iliyo karibu, na ahifadhi picha na ushahidi wa hasara, kwa kuwa dai hupitiwa na kamati ya kaunti kabla ya kusonga mbele.

Huko Sagalla, wakulima wamejaribu njia ya nyuki. Mizinga huning'inizwa kwenye waya kuzunguka shamba. Tembo akigusa waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka, naye hugeuka. Katika misimu mizuri ya mazao, tembo wengi waliokaribia mashamba hayo hawakuingia, na mkulima alipata asali juu yake. Lakini nyuki nao wanahitaji maua, na maua yanahitaji mvua. Wakati wa ukame mizinga mingi hubaki mitupu. Kwa hivyo uzio huo husaidia, ila hauchukui nafasi ya kutunza misitu, vyanzo vya maji na njia ambazo wanyama wamezipita miaka yote.

Maswali ya kujadiliwa baada ya ziara

1. Chora ramani ya ziara yenu. Weka alama kila mahali mlipoona maji na kila mahali mlipoona wanyama. Alama hizo zinakaribiana wapi, na zinaachana wapi? Kwa nini?
2. Eleza safari ya tone la mvua kutoka Chyulu hadi mfereji wa Mombasa. Ni nani wote wanaolitumia njiani?
3. Ni mnyama yupi mliyemwona ambaye hahitaji kunywa kila siku? Mwili na tabia yake humsaidiaje?
4. Wazee wa kijiji chenu wanakumbuka tembo wakipita njia gani zamani? Leo njia hiyo ina nini?
5. Kijiji chenu kingefanya nini mwaka huu ili maji na mashamba yasiwe mahali pa watu na tembo kugombana?