Leseni na Chakula katika Jiji la Nairobi

Kazi za Halmashauri ya Jiji la Nairobi zimo mikononi mwa Serikali ya Kaunti tangu mwaka 2013, ingawa wakaaji wengi bado huiita "Kanjo".

Hapo zamani mwenye hoteli ya chakula alitafuta karatasi mbalimbali: ya biashara, ya zimamoto, ya usafi wa chakula, na ya ubao wa tangazo. Aliyekosa moja aliweza kufungiwa mlango ijapokuwa zile nyingine anazo. Mwaka 2023 Kaunti iliziunganisha ziwe kibali kimoja. Ukaguzi lakini haukuondolewa: apikaye chakula cha kuuza hana budi kupimwa afya.

Mwaka huohuo ulianzishwa mpango wa Dishi na County, kwa watoto wa shule za umma za chekechea na za msingi. Chakula hupikwa katika majiko makubwa, kisha hupelekwa shuleni. Mzazi hulipa shilingi 5 kwa kila mlo kwa njia ya simu. Mtoto huvaa bangili, naye huigusisha kwenye chombo apokeapo chakula, hivyo hana fedha za kupoteza njiani.

Shilingi 5 ni kidogo. Hata hivyo, kwa mzazi wa kibarua mwenye watoto wanne ni shilingi 20 kila siku ya shule, na siku ambayo kazi haikupatikana hizo ni nyingi. Afadhali apatapo ujira alipe mapema shilingi 100 za wiki nzima, kabla hazijaingia katika kodi ya chumba.