Nkambo Amepotea Njia

Chini ya milima ya Kundelungu, karibu na Lukafu, alikaa nkambo mmoja mwanamke pamoja na wajukuu wake. Zamani alijua njia zote za mashamba na majina ya watoto wote wa kijiji. Lakini akili yake ilianza kubadilika. Alikula bukari, kisha akauliza: «Mbona leo hatujala?» Alificha kisu ndani ya kikapu cha unga, akakitafuta siku nzima.

Siku moja alikwenda kuchota maji, asijue njia ya kurudi. Usiku watu walimkuta nyuma ya nyumba ya jirani, akisema peke yake. Jirani akanong'ona: «Anafanya nini hapa usiku? Huyu ni mchawi.» Tangu siku ile watoto walimkimbia. Hata mjukuu wake mkubwa aliogopa kula pamoja naye.

Baba wa mtoto akampeleka mama yake kwa munganga. Munganga alimpima, akauliza maneno mengi, kisha akasema: «Huyu si mchawi. Ubongo wake unaugua. Ugonjwa huu hufuta kwanza mambo mapya. Ya zamani hukaa zaidi. Kwa sababu hiyo amesahau chakula cha leo, lakini nyimbo za ujana wake anazikumbuka.»

Ugonjwa wa namna hii uko katika nchi zote. Mwaka 1906, huko Ujerumani, daktari Alois Alzheimer alieleza habari za mwanamke mmoja aliyepotewa na akili hivyo. Ugonjwa wenyewe ukaitwa kwa jina lake. Mwaka 2021 watu milioni 57 hivi duniani walikuwa na magonjwa ya kusahau. Dawa ya kuyaponya haijapatikana, lakini utunzaji mwema humsaidia sana mgonjwa.

Kila mzee hubadilika mwili. Masikio huwa mazito, mifupa hulegea, kiu hupungua hata mwili ukihitaji maji. Kusahau jina la mtu, kisha kulikumbuka baadaye, ni jambo la kawaida. Macho yakiingia ukungu, pengine ni mtoto wa jicho, na waganga waweza kuuondoa kwa kupasua. Macho mekundu pia si alama ya uchawi: moshi wa jikoni hufanya macho kuwa mekundu.

Lakini mzee akichanganyikiwa ghafula, kwa siku moja au mbili, apelekwe hospitali upesi. Labda ana malaria, au homa ya mapafu, au mwili wake umekosa maji. Magonjwa hayo yanatibika.

Mjukuu alisikia maneno ya munganga, akaona haya. Sasa nkambo akiuliza neno mara tano, mtoto hujibu mara tano, pasipo kumcheka. Akienda mtoni, mtoto humfuata. Jioni humwomba hadithi za kale, naye nkambo huzisimulia bila kukosea. Jungu kuu halikosi ukoko.

Maulizo
1. Kwa nini jirani alimwita nkambo mchawi?
2. Ugonjwa ule hufuta mambo gani kwanza?
3. Mzee akichanganyikiwa ghafula, tufanye nini?
4. Taja mambo mawili mjukuu anayomfanyia nkambo wake.